TAHADHARI: Anayeuza "nafasi za kubadilishana wanafunzi" Ujerumani kanipiga laki nne

Wadau, habari za saa hizi. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu kwa aibu. Mtu unasoma shahada ya pili halafu unalizwa kama mgeni aliyeshuka Kariakoo leo asubuhi. Ila juzi mdogo wangu kanionyesha tangazo lile lile kwenye simu yake, nikaona aibu basi, niandike.

Jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya fursa za masomo. Anajiita Dokta, ana sauti ya upole, na haandiki sana, anatuma sauti. Alisema ana nafasi sita za miezi mitano Ujerumani, utafiti wa kilimo, kila kitu kimelipiwa, zimebaki mbili. Nikatuma cheti, transkripti na kopi ya pasipoti. Kesho yake tu barua ikaja, ina muhuri mwekundu na posho ya euro 3,500 kwa mwezi. Nikalipa 120,000 ya usajili. Wiki moja baadaye nikalipa 285,000 ya kutafsiri na kuthibitisha vyeti. Muamala ulileta jina la mwanamke. Nilipouliza, nikaambiwa ndiye mhasibu wa ofisi. Nikaridhika! Ilipokuja 640,000 ya bima ndipo mkono ukasita, nikaibeba ile barua hadi ofisi ya mahusiano ya kimataifa hapa chuoni.

Mama wa pale hakufika hata ukurasa wa pili. Aliniuliza swali moja: "Nani kakuteua?"

Sikumwelewa, ikabidi anikalishe. Nafasi za kubadilishana wanafunzi, kama zile za Erasmus+ za Umoja wa Ulaya, zinatokana na mkataba kati ya vyuo viwili. Chuo chako ndicho kinachotangaza, kinasaili, kinachagua majina na kuyapeleka kwa wenzao wa kule. Chuo kinachokupokea hakikutozi ada ya masomo, na posho inatoka kwenye fedha za mradi. Kwa hiyo mtu wa nje hana nafasi ya kukuuzia, hata awe dokta wa kweli. Akafungua faili la mikataba mbele yangu, akapitisha kidole jina kwa jina. Chuo kilichotajwa kwenye barua yangu hakimo.

Barua yenyewe ilikuwa mseto. Kichwani imeandikwa DAAD, katikati Erasmus Mundus, chini kasaini "Balozi wa Ufadhili". DAAD ni shirika la Wajerumani la kubadilishana wanataaluma, lipo tangu 1925, makao yake Bonn na ofisi ya jirani yetu iko Nairobi. Maombi unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao, na hawatozi ada ya kuomba. Erasmus Mundus ni kitu kingine: ni ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa shahada ya pili nzima, unaomba moja kwa moja kwa vyuo vinavyoendesha kozi hiyo, na posho yake ni euro 1,400 kwa mwezi. Mimi zile 3,500 nilishazigawa kichwani, hadi bati za nyumba ya mama zilikuwemo.

Sasa, gharama za halali zipo, na hapo ndipo wanapotupatia. Utalipia pasipoti Uhamiaji. Utalipia mtihani wa Kiingereza kwenye kituo cha mtihani, na viza unalipia ubalozini. Anayekwenda Marekani kwa viza ya J-1, ile ya kubadilishana, huwa kuna ada ya SEVIS (mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 220, inayolipwa kwa serikali yao yenyewe (wa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, hawadaiwi). Vipo pia vyuo, China kwa mfano, vinavyotoza ada ya maombi, lakini unakilipa chuo chenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye simu ya mhasibu.

Wahadhiri nao wasicheke. Kwao mtego unakuja kama mwaliko wa kongamano: tiketi tumelipa, viza tunashughulikia, wewe lipia hoteli tu. Hoteli hiyo ndiyo kongamano lenyewe.

Kinachoninyima usingizi siyo hela, ni ile kopi ya pasipoti yangu. Leo iko kwenye simu ya mtu nisiyemjua, kesho sijui atajaza fomu gani kwa jina langu. Nimeripoti polisi na nimepewa RB (namba ya taarifa yangu). Mtandao wa simu waliniambia hela ilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Namba ya jamaa nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi mkipata ujumbe wake utumeni huko huko.

Namba yake siiweki hapa kwa sababu kila nikiiripoti anabadilisha. Mtamjua kwa maneno: "zimebaki mbili", "mhasibu wetu", na "usimwambie msimamizi wako kwanza, barua rasmi itamfikia". Hiyo ya mwisho ilitakiwa inishtue siku ya kwanza. Kwenye tangazo alilonalo mdogo wangu kahamia Kanada, muhuri ni ule ule mwekundu.

Tuko wanne tuliopigwa hadi sasa. Kama na wewe umo, nitumie inbox tarehe ya muamala na jina lililokuja, tuyapeleke kituoni kwa pamoja.