Siku moja Grenada na mama: uzoefu wangu wa kushuka melini

Januari mwaka huu nilimchukua mama kwenye safari ya meli ya siku 7 katika visiwa vya Karibi, tukianzia San Juan, Puerto Rico, na kurudi hapo hapo. Naandika habari ya siku moja tu, ile tuliyoshuka Grenada. Ndugu zetu wengi walioko Marekani na Kanada siku hizi wanakwenda safari hizi, na wakirudi wananisimulia chakula cha melini na picha za ufukweni, basi. Mtu ameshuka kisiwani kwa saa nane na hajaonana na mtu wa kisiwa hicho zaidi ya muuza fulana. Hilo linaniuma, maana mimi pia ni mtoto wa kisiwani.

Mama ni mtu wa Wete, Pemba. Amekulia kwenye karafuu: kazichuma, kazichambua, kazianika kwenye majamvi, na mpaka leo ukimpa karafuu kiganjani atakwambia imeanikwa jua la siku ngapi. Nilipomwambia tunakwenda kisiwa ambacho bendera yake imechorwa kungumanga, alidhani namtania. Nikamwonyesha kwenye simu. Akaitazama sana ile bendera, kisha akasema, "Basi huko tutashuka, mwanangu. Hivyo visiwa vingine hata nikibaki chumbani ni sawa."

Kwenye meli walikuwa wakiuza matembezi ya Grenada kwa dola 89 kwa kila mtu: maporomoko ya maji, duka la viungo, halafu ufuo wa Grand Anse. Sikununua. Siku mbili kabla, kwenye kisiwa kingine, tulinunua matembezi ya aina hiyo na yalituumiza. Tulikuwa watu 40 ndani ya basi moja, tukawasubiri waliochelewa, tukakaa karibu saa nzima kwenye duka la vito ambalo hakuna aliyelitaka, na pale mahali penyewe palipotuleta tukapewa dakika 15. Mama hatembei haraka. Alifika mwisho wa foleni, akageuzwa kurudi. Nilipolalamika kwenye dawati la meli niliambiwa ratiba ndivyo ilivyo.

Grenada tulifunga gati saa 2 asubuhi. Gati liko mjini kabisa St. George's, unashuka unapita kwenye jengo la maduka na umeshafika barabarani. Madereva teksi wenye vitambulisho wanakusubiri hapo. Nilizungumza na watatu. Wa tatu, mzee wa makamo, kabla ya kunijibu bei alimsalimia mama kwanza, akamshika mkono na kumuuliza kama amelala vizuri. Tukamchukua huyo. Tulikubaliana dola 150 za Marekani kwa siku nzima, gari letu wenyewe, na tunasimama tunapotaka. Ukipatana bei Grenada uliza ni dola ipi, kwa sababu wana dola yao ya Karibi Mashariki, na dola 1 ya Marekani ni 2.70 za kwao. Bei hiyo haipandi wala haishuki, imefungwa hivyo tangu 1976. Dola za Marekani wanapokea karibu kila mahali, ila chenji utarudishiwa ya kwao.

Jambo jingine la kujua mapema: salamu. Kule ukiingia dukani au ukipanda basi husemi shida yako kabla hujasalimu. Watalii wengi wanakosea hapo halafu wanasema watu wa huko ni wakavu. Mama, ambaye Kiingereza chake hakizidi salamu na shukrani, alipendwa kila tulipofika kwa sababu hizo ndizo alizokuwa nazo na hakumruka mtu.

Tulitoka mjini kuelekea kaskazini kwa barabara ya pwani ya magharibi, tukienda Gouyave. Ni jina la Kifaransa lililobaki tangu Wafaransa walipokuwa wakitawala, maana yake pera. Njia ni nyembamba, kona juu ya kona, bahari kushoto na mlima kulia, na wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu. Mama alikaa mbele akawa anataja miti. Mshelisheli. Mwembe. Mgomba. Mkakao. Mnazi. Mdalasini. Dereva alikuwa akimtajia kwa lugha yake naye akijibu kwa yake, na mimi nyuma sikuwa na la kutafsiri, wanaelewana. Tulipopita Molinere dereva alituonyesha baharini mahali palipozamishwa sanamu za saruji tangu 2006, kazi ya mchongaji Jason deCaires Taylor, ambazo watu huzipigia mbizi. Ukiwa kijana na unajua kuogelea, nenda. Sisi tulipita.

Kabla ya kufika mjini Gouyave dereva alisimamisha gari kwa mtu anayemfahamu mwenye miti michache nyuma ya nyumba. Hapa nisimame kidogo, maana mimi nimekula kungumanga maisha yangu yote na sikuwahi kuliona tunda lake likiwa mtini. Lina rangi ya manjano iliyopauka, ukubwa wa limau nene. Likiiva linapasuka lenyewe mstari mmoja katikati. Mwenye shamba alilitanua kwa vidole gumba, na ndani nikaona basibasi mbichi: nyekundu inayong'aa, imelowa, imeikumbatia mbegu nyeusi kama vidole vya mtoto vilivyoshika kitu asichotaka kunyang'anywa. Aliibandua taratibu isikatike. Chini yake ni gamba gumu jeusi, na kungumanga yenyewe iko ndani ya gamba hilo. Ukilitikisa kavu unaisikia ikigonga. Hata nyama ya tunda haitupwi, wanapikia jamu na sharubati. Mama aliinusa ile basibasi, akafumba macho. "Hii kwetu napimiwa kidogo kwenye kikaratasi," akasema. "Leo naiona na mama yake."

Gouyave kuna kituo cha kusindika kungumanga cha chama cha ushirika cha wakulima, ushirika ulioanzishwa 1947. Ni jengo la zamani la ghorofa, sakafu za mbao, na harufu inakupokea tangu mlangoni. Unalipa kiingilio kidogo na mmoja wa wafanyakazi anakuzungusha. Kungumanga zinakaushwa kwenye matreya makubwa ya mbao kwa wiki kadhaa, zinavunjwa gamba, kisha zinatiwa majini: zinazozama ni nzuri, zinazoelea ni nyepesi na huuzwa kwa kazi nyingine. Baadaye zinachambuliwa kwa mkono na kujazwa kwenye magunia.

Wanaochambua ni kina mama. Wamekaa kwenye madawati mbele ya meza ndefu, mikono inakwenda bila wao kuitazama. Mama alisimama nyuma yao kwa muda. Mmoja alimsogezea nafasi, na mama akakaa, akaanza. Nzuri huku, mbovu huku. Hakuelekezwa zaidi ya mara moja. Yule bibi wa kando yake aliitazama mikono ya mama, akacheka, akaniuliza mama yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia kwetu ni karafuu, kuna kuchambua pia, kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Akawaeleza wenzake, na wote wakageuka kumtazama mama kama mtu waliyeambiwa atakuja. Tulikaa pale saa nzima. Basi la matembezi ya meli lilifika tukiwepo, watu wakapiga picha, wakaondoka, na sisi bado tumekaa.

Yule bibi alituhadithia kimbunga Ivan cha tarehe 7 Septemba 2004. Kabla ya hapo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia. Kwa siku moja miti mingi ya kisiwa kizima ililala chini, na nyumba nyingi mno zikaezuliwa mapaa. Mkungumanga ukiupanda leo unangoja miaka kadhaa kuona tunda la kwanza, na hata hapo hujui, kwa sababu kuna miti dume na miti jike, na dume hazai. Wakulima wengi walihamia kakao, wengine waliacha shamba kabisa. Mama alisikiliza yote hayo kwa tafsiri yangu. Aliuliza swali moja: "Mlikula nini miaka hiyo?" Bibi akajibu kwamba walikula kwa watoto wao walioko nje. Mama akaniangalia mimi. Sikuweza kutafsiri chochote kwa muda.

Tulinunua kungumanga na basibasi pale pale, na bei ilikuwa nafuu kuliko kwenye maduka ya gatini. Nunua zilizokauka na zilizofungwa vizuri. Matunda mabichi usijaribu kurudi nayo. Tuliporudi San Juan tuliviandika kwenye fomu ya forodha, ofisa akavitazama, akaturuhusu.

Chakula cha mchana dereva alitupeleka kwa mama mmoja anayepika kando ya barabara. Chakula chao cha taifa wanakiita oil down: mashelisheli, majani ya majimbi, madonge ya unga na bizari ya manjano, vyote vinachemka ndani ya tui la nazi mpaka tui linakauka na mafuta yanabaki chini ya sufuria, na ndipo jina lilipotoka. Angalieni hapa, ndugu Waislamu: wengi huweka mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi. Ulizeni mapema. Dereva alikuwa ameshapiga simu asubuhi bila hata kuombwa, na tuliyopikiwa sisi ilikuwa na samaki wa chumvi kwenye sufuria yake peke yake. Mama alikula sahani mbili. Alisema shelisheli limepikwa sawasawa, ila wangeongeza ndimu.

Grand Anse tulifika saa 8 mchana. Ufuo una urefu wa karibu kilomita 3, mchanga laini, maji matulivu yanayofaa hata kwa mtu mzima kulowesha miguu. Ni mzuri, kila mtu atakwambia, sina la kuongeza. Saa moja na nusu ilitutosha. Asiyetaka teksi, kuna daladala zao za namba 1 kutoka mjini, na kuna boti ndogo zinazovuka kutoka upande wa gati.

Kurudi mjini dereva alituonyesha ngome ya Fort George iliyo juu ya bandari. Humo ndimo Waziri Mkuu Maurice Bishop alipopigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1983, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakakivamia kisiwa. Sasa uwanja wa ndege wa kisiwa umepewa jina lake. Dereva alikuwa mtoto wa shule siku hizo. Alisema hayo kwa sauti ya chini, akiwa amepunguza mwendo, na hatukumuuliza zaidi.

Lawama yangu iko kwenye meli. Tangazo lilisema mwisho wa kupanda ni saa 10 na nusu jioni. Tulifika gatini saa 9 na dakika 50, tukijua tuna nafasi, tukakuta mlango mmoja wa ukaguzi ndio uliofunguliwa kwa abiria wote wanaorudi. Foleni juani, dakika 40. Hakuna kiti, hakuna kivuli, maji walikuwa wakigawa mbele kabisa kwa wale waliokwisha fika. Mama ana magoti mabovu. Niliomba kiti mara mbili, mhudumu akaniambia nisubiri zamu. Aliyeleta kiti ni dereva wetu, ambaye tulishamlipa na kuagana naye. Alituona kutoka nje ya uzio, akaazima kiti cha plastiki kwa muuza maji ya madafu, akamwomba mlinzi akipitishe. Kampuni niliwaandikia barua nikiwa bado ndani. Walinijibu kwa kunipa punguzo la safari ijayo, na kuhusu mzee kusimama juani hawakusema neno.

Kwa hiyo mwenye kwenda na mzazi, rudi gatini saa moja na nusu kabla, na chukua mwavuli. Simu yako nayo iangalie: ya mama ilibaki na saa za Ohio, na mwezi wa Januari Grenada iko mbele kwa saa moja. Kama si dereva kutukumbusha tungechelewa kabisa. Na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ahakikishe viza yake ya Marekani inamruhusu kuingia tena, kwa sababu meli ikirudi San Juan unaingia Marekani upya.

Usiku ule mama hakwenda kwenye ukumbi wa chakula. Alitandika kanga yake juu ya kitanda cha pili, akamwaga basibasi zote, akakaa anazichambua upya, zilizovunjika kando, nzima kando. Nilimwuliza za nani. Akaanza kutaja majina ya wadogo zake wa Wete mmoja mmoja, na kila jina akilitenga fungu.