Wakili wangu alinitia hatiani kabla ya mahakama: uzoefu wangu wa kudai fidia ya ajali ya pikipiki

Ofisi ya mawakili ninayoizungumzia hapa sitaitaja jina, na ninakiri tangu mwanzo kwamba mwishowe ilinifikisha kwenye fidia ambayo siwezi kwa haki kuiita ndogo. Ninaandika kwa sababu ya kikao kimoja tu, ambacho hakikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai, lakini kinaniuma hadi leo kuliko ajali yenyewe. Yule aliyenigonga hakukusudia. Aliyeniumiza ndani ya ofisi ile alikuwa ameajiriwa kunitetea.

Ajali nitaieleza kwa ufupi. Mwaka juzi hivi, mchana wa jua, nilikuwa nimenyooka kwenye barabara kuu, taa ya mbele ya pikipiki ikiwaka, ndipo gari dogo lililokuwa likija kutoka upande wa pili likakata kona mbele yangu ili liingie barabara ndogo. Muundi wangu ulivunjika vipande, kifundo cha mguu kikateguka, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma. Dereva, ambaye kwa kweli hakukimbia na aliita msaada yeye mwenyewe, aliwaambia polisi kwamba hakuniona.

Niliichagua ofisi ile kwa sababu ilijitangaza kuwa inawashughulikia hasa waendesha pikipiki waliojeruhiwa, na kwa sababu hawakudai malipo ya awali: ada yao ilikuwa sehemu ya fidia itakayopatikana, na wasipopata kitu, nami silipi kitu. Si kila nchi inaruhusu mapatano ya namna hiyo, lakini pale yanaporuhusiwa huwa mlango pekee kwa mtu aliyelala kitandani bila kipato. Karani aliyenipokea alikuwa mwungwana, akachukua nakala ya ripoti ya polisi, picha za eneo la ajali, vyeti vya hospitali na barua ya mwajiri wangu, akaniahidi kwamba wakili mwenyewe angelisoma jalada lote. Baada ya hapo kilifuata kimya kirefu, simu zangu zikijibiwa kwa maneno yaleyale kwamba suala linashughulikiwa, mpaka siku moja nikaitwa niende kutia saini.

Nilikwenda kwa magongo, nikisindikizwa na kaka yangu. Wakili hakuinuka, jambo ambalo ningelisamehe, lakini pia hakunipa pole, na hilo sijalisamehe. Jalada langu lilikuwa mezani likiwa limefungwa kwa uzi wake. Alinisogezea karatasi ya kampuni ya bima iliyoonyesha kiasi wanachokubali kulipa, kisha mstari uliopunguza asilimia 40 kwa ajili ya kile walichokiita mchango wangu katika ajali. Nilimwuliza mchango huo ni upi. Akajibu, mbele ya kaka yangu na mbele ya karani, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto: “Kijana, tuwe wakweli. Ninyi watu wa pikipiki mnakimbia mno. Hakimu akisikia neno pikipiki tu, nusu ya kesi imeshakwenda. Dereva amesema hakukuona, na wewe hukuvaa koti linalong'aa. Chukua hizi, tia saini, kapumzike.”

Mimi si kijana, nina watoto wanaokaribia kumaliza shule, lakini hilo nalo ningelipitisha. Nilimwuliza kama amesoma ripoti ya polisi. Alisema mambo hayo husomwa na wasaidizi wake.

Ninataka msomaji aelewe kwa nini siliiti tukio hili ukosefu wa adabu peke yake. Kazi nzima ya wakili wa mwendesha pikipiki aliyejeruhiwa ni kupambana na dhana ile ile aliyoitamka yeye. Dhana kwamba mwenye pikipiki ndiye mkosaji huwa mezani kabla hajafungua kinywa: iko kwa mkadiriaji wa bima, iko kwa mashahidi waliosikia kishindo wakageuka kutazama baada ya mgongano kwisha, na inaweza kuwepo hata kwa hakimu. Mtu anakuwa na wakili ili pawepo angalau mmoja katika mlolongo huo ambaye hajaamua tayari. Wakili anayeanza kwa kuikubali dhana hiyo ni kipa aliyehamia timu ya pili bila kuvua jezi.

Na dhana yenyewe haina nguvu aliyoipa. Uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki uliofanywa huko Los Angeles na timu ya mtafiti Harry Hurt, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1981, uligundua kwamba katika takribani theluthi mbili ya ajali zilizohusisha pikipiki na gari lingine, dereva wa gari ndiye aliyeingilia haki ya kupita ya mwenye pikipiki, na sura iliyojirudia zaidi ilikuwa gari linalokata kona mbele ya pikipiki inayokuja moja kwa moja. Hiyo ni ajali yangu, neno kwa neno. Utafiti mwingine mkubwa wa Ulaya, uliochambua ajali 921 katika nchi tano, ulikuta kwamba katika nusu ya ajali hizo kosa kuu lilikuwa la dereva wa chombo kingine, na mara nyingi kosa hilo lilikuwa kutoiona pikipiki. Sisemi kwamba waendesha pikipiki hawakosei. Wako wanaokosea, na katika tafiti hizo hizo wamo. Ninasema kwamba wakili anayejitangaza kwa kazi hii hana ruhusa ya kuwa mgeni wa mambo haya.

Kilichonichoma zaidi ni namna alivyoligeuza neno la dereva kuwa kinga yake. Dereva anayetaka kukata njia ya mwenzake ana wajibu wa kuhakikisha kwanza kwamba njia iko wazi. Akisema hakuona pikipiki iliyokuwa mbele yake mchana kweupe, taa ikiwaka, amekiri kwamba hakutazama ipasavyo, au alitazama bila kutambua alichokitazama, jambo linalojulikana sana kwa wachunguzi wa ajali kwa kuwa umbo la pikipiki kwa mbele ni jembamba na wengi hukosea kukadiria mwendo wake. Kwa wakili makini sentensi ile ni ushahidi wa thamani ambao mpinzani amejitolea mwenyewe. Wakili wangu aliupokea kama salamu za rambirambi kwa kesi yangu.

Suala la koti nalo lilinipandisha hasira kadiri nilivyozidi kulielewa. Pale ambapo sheria inaruhusu fidia kupunguzwa kwa uzembe wa mdai, haitoshi kusema tu kwamba kuna kitu hakuvaa. Ni lazima ionyeshwe kwamba kitu hicho kilichangia ajali au kilizidisha jeraha. Katika shauri la O'Connell v Jackson, Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1971 ilimpunguzia mdai aliyekuwa kwenye pikipiki ndogo asilimia 15, ingawa ajali yenyewe ilisababishwa na mwenye gari, kwa sababu aliumia kichwa na hakuwa amevaa kofia ngumu. Kofia na kichwa vina uhusiano ambao kila mtu anauona. Mimi kofia nilivaa, kichwa changu kilibaki salama, na mguu wangu ulivunjwa na gari lililoziba njia mchana. Hakuna sheria iliyonilazimisha kuvaa koti la kung'aa pale nilipokuwa, na hakuna aliyeeleza jinsi koti lingemfanya mtu aone pikipiki ambayo taa yake iliyowashwa hakuiona. Asilimia 40 ilitoka wapi? Ilitoka kwa bima, ikapita mikononi mwa wakili wangu bila kuulizwa swali hata moja, ikaletwa kwangu kana kwamba ni hukumu.

Niliposita, alisema muda wa kufungua shauri unakaribia kwisha na nikichelewa nitakosa vyote. Ni kweli kwamba sheria huweka ukomo wa muda, na aliyejeruhiwa anayeuacha upite huweza kupoteza haki yake yote. Lakini dawa ya ukomo huo ni kufungua shauri mapema, wala si kukubali pesa yoyote inayosogezwa. Hati aliyotaka niisaini ilikuwa ya kukubali kwamba nimelipwa na sina dai lingine lolote kuhusu ajali ile, na hati ya namna hiyo ikishasainiwa ni vigumu mno kuifumua. Daktari bingwa wa mifupa alikuwa bado hajasema kama vyuma vitatolewa, wala kama kifundo kitarudi kukunja ipasavyo. Hesabu ile ilikuwa na bili za hospitali na thamani ya pikipiki, basi. Kipato nilichokipoteza hakikuwemo kikamilifu, upasuaji wa pili haukuwemo, na kazi ya mke wangu aliyeacha shughuli zake kunitunza haikutajwa kabisa, ingawa katika nchi nyingi huduma ya namna hiyo hudaiwa na hulipwa. Kaka yangu alinishika mkono akasema, “Mdogo wangu, usitie saini.” Sikutia.

Hapa inanipasa niwe mwadilifu, kwa sababu ofisi ile ile ndiyo iliyoniokoa. Tulipokuwa kwenye ukumbi wa kusubiri, wakili mwingine, binti mdogo kwa umri kuliko wote niliowaona mle, alitufuata, akanipa pole, akaniomba ruhusa ya kulisoma jalada. Aliponiita tena alikuwa amelisoma kweli, kiasi kwamba alinirekebisha jina la barabara niliyoikosea katika maelezo yangu. Jambo la kwanza aliloniuliza ni pikipiki iko wapi. Nilipomwambia kwamba bima wanataka kuichukua kama chuma chakavu, aliandika barua siku hiyo hiyo kuzuia isiguswe mpaka ikaguliwe, kwa kuwa alama za mgongano hueleza nani aliingia katika njia ya nani. Mkaguzi alikuta kwamba pikipiki iligonga ubavu wa gari, na kwamba michubuko ya lami na mahali vilipoangukia vioo vilikuwa upande wangu wa barabara. Yule wakili binti alimtafuta shahidi ambaye jina lake lilikuwa limelala ndani ya ripoti ya polisi muda wote huo. Alifungua shauri ndani ya muda, kisha akasubiri ripoti ya mwisho ya daktari kabla ya kuzungumza tena kuhusu pesa.

Bima waliachana na ile asilimia 40 bila kufika kwenye ushahidi. Walilipa, wakaingiza upasuaji wa pili, wakaingiza na matunzo ya nyumbani. Nilipopokea fidia nilikuwa tayari kuandika sifa tupu, na kwa kweli niliandika rasimu ya kwanza ya maoni haya nikiwaambia wenzangu wa pikipiki waende bila wasiwasi, mradi wamwombe yule binti.

Rasimu hiyo niliifuta kwa sababu ya yule wakili wa kwanza. Siku ya kumaliza hesabu alijitokeza, akanishika mkono na kusema kwamba aliniambia tangu mwanzo kuwa tungeshinda. Kisha ada ikakatwa kama mkataba ulivyosema, sehemu ile ile ya mia ambayo ingekatwa kama ningesaini siku ile, ila sasa kutoka katika kiasi kikubwa zaidi, na jina lililo juu ya hati ya ada lilikuwa lake. Mapatano ya ada kutegemea ushindi nayaunga mkono hata sasa, lakini yana upande wake ambao mtu asiye na pesa anapaswa kuujua: wakili anayelipwa asilimia ya fidia hupata karibu kila anachokihitaji kwa kufunga jalada mapema, ilhali kazi ngumu ya miezi inayofuata humwongezea yeye sehemu ndogo tu ya kile inachomwongezea mteja. Mwenye moyo huifanya hata hivyo. Asiye na moyo husema chukua hizi ukapumzike.

Nawafikiria wale waliokaa kwenye kiti kile bila kaka pembeni, dawa za maumivu zikiwalevya, mwenye nyumba akidai kodi. Hakika wako waliosaini. Niliandika barua ya malalamiko kwa wakuu wa ofisi, nikaeleza kikao kile kama nilivyokieleza hapa, na nikaomba jambo moja: hati ya kufuta madai isiwekwe mbele ya mteja yeyote kabla wakili hajaweka saini yake kwamba amesoma jalada. Nilijibiwa kwamba wanafurahi kuwa shauri langu liliisha vizuri.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa kusema nendeni, lakini mkamtafute yule binti. Juzi nimepata habari kwamba ameondoka pale na kwenda kufanya kazi kwingine. Kwa hiyo kila jema nililolisema juu ya ofisi hii limeondoka naye, na kilichobaki ni jalada lililofungwa kwa uzi na mtu anayejua hukumu yako kabla ya kulifungua. Msiende.