Twisheni au Muziki: Mtoto Apelekwe Wapi Baada ya Skuli?

Mzazi wa Unguja anayetaka mwanawe atumie vyema jioni na likizo, ukiacha saa za chuoni, yaani madrasa ya Kurani, ambazo hazina mjadala, mara nyingi hujikuta akipima mambo mawili: twisheni ya mtaani na mafunzo ya muziki.

Twisheni humfaa mtoto aliyebaki nyuma, kwa mfano katika hisabati, kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Hata hivyo, kumrejesha mbele ya ubao mtoto aliyeketi darasani tangu asubuhi ni kumchosha. Nimemwona mpwa wangu akilala juu ya daftari, kalamu ingali mkononi.

Muziki una mengi zaidi. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, hufundisha ala kama udi, fidla, kanuni na ngoma. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, hupigwa kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete zenye vijiti vya kudonolea, na mtoto hana budi kusikiliza kwa makini, kwani uzi mmoja ukilegea wimbo wote huharibika. Hapo hujifunza subira kwa mikono yake mwenyewe. Tena taarab ni urithi wetu: kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, nacho kitahitaji warithi waliofunzwa.

Umbali nao una uzito, kwa kuwa aliyeko Makunduchi, kusini mwa Unguja, atapata twisheni kwa urahisi kuliko mwalimu wa kanuni. Mtoto wa mjini ningempeleka kwenye muziki, na twisheni ningeiwekea somo moja tu linalomlemea.