Folda moja kwa ofisi nzima: ununue kifaa gani?

Ofisi yenye kompyuta nne au tano ikishachoka kupokezana faili kwa flashi, huja swali la wapi pa kuweka folda ya pamoja. Nimepanga vifaa kuanzia ninachokipendekeza zaidi, na kigezo changu kikubwa ni hiki: kikifa Jumatatu asubuhi, kazi za wateja zitapatikana tena lini?

Kabla ya kifaa, tazama swichi ya mtandao, yaani boksi linalounganisha waya za kompyuta zote. Ya megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 11 tu kwa sekunde, hata diski iwe ya bei gani. Ya gigabiti hukaribia 110. Kama yenu ni ya zamani, badilisheni hiyo kwanza. Waya wa Cat5e unatosha.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani ya mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, yenye Core i5 ya kizazi cha sita na kuendelea na RAM ya GB 8. Pawasaplai yake ikiungua, fundi wa Kariakoo anaweza kukutafutia nyingine, na diski unaweza kuichomeka kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo endeshi wa Linux ukaendelea na kazi. Hapo ndipo inapoyashinda maboksi mapya yanayong'aa. Usichukue zile ndogo kabisa za kubandika nyuma ya skrini, kwa kuwa hazina nafasi ya diski ya inchi 3.5. Mwambie muuzaji afungue kifuniko, uhesabu nafasi za diski kwa macho yako.

Weka Debian, aina ya Linux ambayo ni bure. Kompyuta za Linux zitatumia NFS, mfumo wa kufungua folda za seva kupitia mtandao, uliotoka Sun Microsystems mwaka 1984 na bado ni imara. Za Windows zipe Samba, programu inayoifanya seva itoe folda kwa SMB, njia ya Windows yenyewe, maana Windows ya toleo la Home haina uwezo wa kufungua folda za NFS. Kwa NFS unaandika mstari mmoja tu kwenye /etc/exports:

/srv/kazi 192.168.1.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Kisha unaendesha amri ya exportfs -ra ili seva iusome mstari huo. Hilo neno sync usiliguse. Kuna watakaokushauri uweke async ili uandishi uwe wa kasi, lakini hapo seva hujibu "tayari" kabla data haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, faili limepotea na aliyelihifadhi anaamini lipo. Jambo jingine: NFS ya kawaida huamini namba ya mtumiaji inayoletwa na kompyuta yake. Mwenye namba 1000 kwenye mashine yake huhesabiwa kuwa 1000 wa seva, hata kama ni mtu mwingine kabisa. Pangeni namba zilingane kwenye mashine zote kabla ya kuhifadhi faili la kwanza.

Gharama yake ni umeme. Mashine inayokula wati 40 usiku na mchana humaliza karibu uniti moja ya LUKU kila siku.

Kama ofisini hakuna mtu wa kugusa Linux, nenda nafasi ya pili: boksi la NAS (kifaa kilichotengenezwa maalumu kwa kuhifadhi faili za mtandao) la diski mbili, kwa mfano Synology DS223. Linakula umeme kidogo, mipangilio yake yote inafanyika kwenye kivinjari, na lina NFS na SMB pamoja. Ila likifa bodi, jiandae kusubiri jingine. Na usilifungulie njia kutoka intaneti. Mwaka 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga faili kwenye maboksi mengi ya QNAP yaliyoachwa wazi namna hiyo.

Ya tatu ni Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye diski ya nje. Kwa watu wawili watatu inafaa, mradi diski iwe na umeme wake. Ya mwisho ni ruta yenye tundu la USB. Kwa kazi za wateja, siipendekezi.

Diski zenyewe zichague kwa makini. Tafuta zinazoandikwa CMR, yaani ambazo njia za data hazipandiani, kama WD Red Plus au Seagate IronWolf. WD Red isiyo na neno Plus, ya TB 2 hadi 6, ni SMR, ambayo njia zake hupandiana, na hupunguza kasi vibaya inapoandikiwa mfululizo.

Hesabuni pia UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, na swichi nayo ichomekwe humo humo. Kompyuta zilizounganishwa kwa NFS kwa kawaida husubiri seva bila kukata tamaa, kwa hiyo swichi ikizimika, programu zenye mafaili wazi zitaganda hadi mtandao urudi.

Diski mbili zinazoakisiana kwa RAID 1 huokoa kazi zenu diski moja inapokufa. Folda ikifutwa kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili. Kwa hiyo fedha ikibana, nunua diski moja ya ndani na moja ya nje ya nakala za akiba, inayolala mbali na ofisi. Ile ya kuakisi inaweza kusubiri.