Kibaki na Manmohan Singh: wanauchumi wawili madarakani

Kwa sisi tunaoishi Uganda, Mwai Kibaki si mgeni: alihitimu uchumi Makerere mwaka 1955 kwa daraja la kwanza, akarudi kufundisha hapo hapo, kisha akaacha chaki mwishoni mwa 1960 ili awe mtendaji wa chama cha KANU. Manmohan Singh wa India alichelewa kuingia katika siasa. Alipitia Cambridge, Oxford na ugavana wa benki kuu kabla ya kukabidhiwa Wizara ya Fedha mwaka 1991, wakati akiba ya fedha za kigeni ilitosha kuagiza bidhaa za wiki chache tu.

Singh aliacha alama yake kuu akiwa waziri, kwa kushusha thamani ya rupia na kulegeza masharti ya leseni za viwanda, ilhali Kibaki, aliyeshika wizara kama hiyo kuanzia 1969 hadi 1982, anakumbukwa zaidi kwa urais wake: elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, barabara kuu ya Thika, Katiba ya 2010.

Hata hivyo, ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,000. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama njiani na petroli ikaadimika Kampala. Singh naye, akiwa waziri mkuu, aliandamwa na kashfa za leseni za simu na makaa ya mawe. Kwa maoni yangu, Singh alikuwa mwanamageuzi jasiri zaidi, lakini urithi wa Kibaki ndio unaotugusa moja kwa moja, kwani mizigo yetu mingi bado hupitia Mombasa.