Kaunta ya Greensboro: ziara ya dukani isiyo ya kununua

Nilikwenda International Civil Rights Center & Museum mjini Greensboro, North Carolina, nikitarajia picha ukutani na maelezo marefu; nilichokuta ni duka. Jengo hilo la South Elm Street lilikuwa tawi la Woolworth, kampuni ya maduka ya bei nafuu, na kaunta ya chakula ambayo Wamarekani Weusi walikatazwa kuketi bado ipo palepale ilipokuwa tarehe 1 Februari 1960, ingawa kipande chenye viti vinne kilichukuliwa na sasa kinatunzwa Washington.

Thamani ya tiketi iko kwa mwongozaji. Wetu hakuanza na kaunta, alianza na risiti. Ezell Blair Jr., Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha Weusi cha North Carolina A&T, walinunua kwanza dawa ya meno na vitu vingine vidogo, wakatunza risiti, ndipo wakaketi kuagiza kahawa. Walipoambiwa kwamba hawahudumiwi pale, waliuliza inakuwaje duka lipokee pesa zao upande mmoja na kuzikataa hatua chache mbele. Nilikuwa nimekisoma kisa hiki kama ushujaa wa ghafla, kumbe swali lilikuwa limeandaliwa bwenini, na ushahidi wake ulikuwa mfukoni kabla hawajaketi. (Madukani kwetu tunabandika karatasi isemayo "mteja ni mfalme", sijui mwenye duka angejibu nini.)

Nilisimama muda mrefu mbele ya viti vile vya mguu mmoja, vilivyopachikwa sakafuni karibukaribu kiasi kwamba bega la mtu hugusa la jirani. Hapo nilielewa kwa nini idadi ilikuwa silaha. Kila kiti kilichokaliwa na mwanafunzi aliyefungua daftari lake kilikuwa kiti kisichoingiza hata senti moja, na kufikia siku ya nne walioshiriki walizidi 300, wakiwemo wasichana wa chuo cha Bennett. Baadaye wateja Weusi wakasusia duka lenyewe, mauzo yakaporomoka, na tarehe 25 Julai kaunta ikafunguliwa kwa wote. Wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wafanyakazi Weusi wa dukani humo, miongoni mwao Geneva Tisdale, aliyekuwa akiandaa chakula kwenye kaunta hiyohiyo bila ruhusa ya kuketi na kukila.

Makumbusho yalifunguliwa tarehe 1 Februari 2010, miaka 50 kamili baadaye. Wazazi wajue kwamba kuna sehemu yenye picha za ukatili, zikiwemo za watu walionyongwa na magenge, na mtoto mdogo hapaswi kupitishwa hapo bila kuandaliwa. Anayetaka kuzunguka mbiombio ataona ziara ni ndefu. Mimi nimekwishapanga kurudi, safari hii pamoja na binti yangu, ambaye mwaka huu anaanza chuo.