Programu za kubana picha: angalieni nyekundu kwanza

Mwezi uliopita nilimtumia mteja picha ya doti ya kisutu, akanijibu: "Dada, hii kanga inachuja?" Muuza kanga akiulizwa hivyo, hana tena biashara na huyo mtu. Kanga ilikuwa mpya, haijaguswa na maji. Picha niliyopiga ilikuwa safi. Iliyotoka kwenye programu niliyokuwa nailipia Sh 9,000 kwa mwezi ndiyo iliyoharibika: kila nyekundu ilipokutana na nyeusi, ukingo ulikuwa umevuja.

Kwa hiyo sitawaambia ipi inapunguza MB nyingi, maana zote zinapunguza. Mimi natazama rangi. JPEG, aina ya faili la picha tunalotumia wengi, huhifadhi mwanga peke yake na rangi peke yake, na kwa kuwa jicho hushika mwanga kuliko rangi, programu nyingi hubakiza rangi moja kwa kila nukta (pikseli) nne. Ukipiga picha ya bahari hutaona tofauti. Kwenye kisutu utaiona, kwa sababu nyekundu na nyeusi hazipishani sana kwa mwanga. Kinachozitenga ni rangi, nayo ndiyo imekatwa. Ubanaji huo huandikwa 4:2:0. Sisi wa vitambaa tunataka 4:4:4, yaani kila nukta ibaki na rangi yake.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Squoosh. Ilitoka Google mwaka 2018, ni bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na picha haitoki kwenye simu yako. Chagua MozJPEG, yaani njia mojawapo ya kubana JPEG, fungua mipangilio ya ndani, ondoa tiki palipoandikwa "Auto subsample chroma" (chroma ni rangi), kisha weka namba 1 kwenye kipimo kinachotokea chini yake. Mimi hupunguza upana hadi nukta 1600 na ubora 80. Picha ya MB 4 hushuka chini ya KB 600, na ukiikuza, pindo limesimama vilevile. Buruta ule mstari wa katikati uone kabla na baada, bega kwa bega. Kasoro yake ni kwamba inachukua picha moja moja, na siku ya mzigo mpya nakesha. Bado siiachi.

Ya pili ni GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa mwenye kompyuta. Ukihifadhi JPEG inakuonyesha 4:4:4 wazi, uchague mwenyewe.

Photoshop ni ya tatu. Ukihifadhi JPEG kwa ubora 7 hadi 12 haikati rangi, lakini kuilipia kila mwezi kwa kazi hii tu ni hasara.

WebP, aina nyingine ya faili la picha, ile ya kawaida ni 4:2:0 siku zote, hivyo kwa kisutu hapana. WhatsApp nayo inabana. Hata ukichagua HD, waliyoileta mwaka 2023, inabana. Tuma picha kama hati.

Zile programu ndogo za simu za bei rahisi, ruka. Nilizojaribu hazina hata mahali pa kugusa rangi.

Na hao wanaouza kwa mwezi wananiudhi kweli. Siku tatu za bure, ukisahau wanakata, na bei inaandikwa kwa dola ili usijue mapema shilingi ngapi zitaondoka. MozJPEG imetolewa bure tangu 2014! Mimi niliifuta programu nikidhani yamekwisha, mwezi uliofuata wakakata tena. Kuifuta hakusimamishi malipo. Ingia Play Store, gusa picha yako ya akaunti, fungua malipo na usajili, usitishe pale.